Mjumbe na Kipokezi: Historia ya Ishara za Moyo na ya Majina Yake

1. Utangulizi

Biolojia ya karne ya 20 iliazima sehemu kubwa ya msamiati wake kutoka katika uwanja wa lugha. Seli husemwa kuwa hupokea ishara, hutuma wajumbe, hunukuu jeni na hutafsiri kilichonukuliwa. Mwanafunzi wa udaktari katika vyuo vikuu vya Kongo hujifunza maneno hayo kwa Kifaransa, naye ni mara chache kuulizwa yalitoka wapi na yalifanya kazi gani kabla ya kuwa maneno ya mtihani. Mwanaisimu kwa upande wake huwaachia wanasayansi maneno hayo, kana kwamba hayamhusu.

Makala haya yanafuata historia ya ishara chache zinazouongoza moyo wa binadamu: adrenalini na jamaa zake, vipokezi vyake, na gesi ndogo iitwayo oksidi nitriki. Yanaeleza pia jinsi ishara hizo zinavyozidisha au kupunguza kazi ya jeni zinazounda vipokezi na zinazounda vimeng'enya vya gesi hiyo. Hoja inayotetewa ni moja. Katika historia hiyo, karibu kila mara jina lilikitangulia kitu. Pale ambapo jina lilichukuliwa kuwa nafasi iliyowekwa wazi kwa ajili ya kitu kisichojulikana bado, liliusaidia utafiti usonge mbele. Pale ambapo jina lilichukuliwa kuwa ndilo kitu chenyewe, lilipotosha. Na kwa kuwa kinachozungumzwa ni moyo, upotoshaji huo ulilipiwa kwa uhai wa watu.

2. Kutoka baruti hadi dawa (1847–1896)

Historia hii inaanzia mahali ambapo hapatarajiwi. Mnamo 1847 mwanakemia Ascanio Sobrero, wa mji wa Torino nchini Italia, alitangaza kwamba ameunda mafuta mazito yenye nguvu ya kulipuka isiyo na kifani, yaani nitrogliserini. Kama ilivyokuwa desturi ya wanakemia wa wakati ule, aliyaonja kidogo, naye akaandika kwamba hata chembe ndogo ulimini huleta maumivu makali ya kichwa. Alfred Nobel, Mswedi aliyezaliwa 1833, ndiye aliyeyatuliza mafuta hayo kwa kuyachanganya na udongo mlaini, akapata hati ya uvumbuzi wa dinamiti mnamo 1867. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha kumgharimu: mdogo wake Emil alikufa katika mlipuko mjini Stockholm mwaka 1864. Msomaji wa Likasi au wa Kolwezi aijua dinamiti kama kitu cha mgodini. Ni vigumu kwake kuifikiria kama dawa.

Hata hivyo, mwaka uleule wa 1867, daktari kijana wa Edinburgh, Thomas Lauder Brunton, alieleza kwamba wagonjwa waliokuwa wakibanwa na maumivu ya kifua yatokanayo na moyo walipata nafuu kwa kuvuta mvuke wa nitriti ya amili. Mnamo 1879 William Murrell, wa London, alionyesha kwamba nitrogliserini, ikipunguzwa nguvu sana, huleta nafuu hiyohiyo, nayo hudumu zaidi. Hapakuwa na aliyejua sababu. Kilichojulikana ni kwamba mishipa ya damu hulegea.

Mambo mawili ya kipindi hicho yanastahili kukumbukwa, kwa kuwa yatarejea. La kwanza ni la jina. Mwezi wa Oktoba 1896 Nobel, aliyekuwa mgonjwa wa moyo, alimwandikia msaidizi wake Ragnar Sohlman kwamba ni kejeli ya majaliwa kuona madaktari wakimwagiza anywe nitrogliserini, ila wao huiita trinitrini ili wasiwatishe wauza dawa wala watu. Alifariki tarehe 10 Desemba mwaka huohuo. Kitu kilikuwa kimoja. Jina moja lilikiweka ghalani pamoja na baruti, jina la pili likakiweka kabatini pamoja na dawa.

La pili ni la wafanyakazi. Katika viwanda vya baruti, watu waliokuwa wakivuta mvuke wa nitrogliserini waliumwa kichwa kila Jumatatu. Kufikia katikati ya juma maumivu yalitoweka, kisha baada ya mapumziko ya Jumapili yakaanza upya. Baadhi yao walipatwa na maumivu ya moyo siku za mapumziko, yaani pale mvuke ulipokosekana. Miili yao ilikuwa imeacha kuitikia kitu ilichokisikia kila siku, na ilitaabika kilipoondolewa. Huo ulikuwa ushahidi wa mapema kwamba anayepokea habari hakai vilevile baada ya kuipokea.

3. Kipokezi: jina lililokitangulia kitu (1905–1986)

Neno kipokezi lina historia ya namna hiyo. Mnamo 1905 John Newport Langley, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichunguza jinsi nikotini na sumu ya mishale iitwayo kurare zinavyopingana juu ya msuli. Alihitimisha kwamba lazima ndani ya msuli kuwe na kitu kinachopokea, ambacho si neva wala si ule uzi wa msuli unaojikunja. Miaka michache kabla yake Paul Ehrlich, nchini Ujerumani, alikuwa ametumia neno la aina hiyo kwa habari ya sumu za vijidudu. Hakuna kati yao aliyewahi kukiona kipokezi. Kilikuwa nafasi tupu katika maelezo, mfano wa kiwakilishi ambacho nomino yake haijatajwa. Wapo mabingwa, akiwemo Henry Dale wa Uingereza, waliosita kwa miaka mingi kukiri kwamba kitu hicho kipo.

Mnamo 1948 Raymond Ahlquist, wa jimbo la Georgia nchini Marekani, alizipanga athari za adrenalini na dawa zinazofanana nayo. Aliona kwamba zinajitenga katika makundi mawili ambayo hayawezi kuelezwa kwa kipokezi cha aina moja. Hakuyapa majina ya mahali wala ya kazi. Aliyaita kwa herufi mbili za Kigiriki, alfa na beta. Jarida la kwanza alilolipelekea makala yake liliyakataa. Lakini uteuzi wake wa herufi ulikuwa wa busara, maana herufi haidai kujua zaidi ya inachojua. Katika miaka ya 1960 James Black, nchini Uingereza, alitegemea herufi hizo kutengeneza propranololi, dawa inayokizuia kipokezi cha beta kisisikie adrenalini. Hivyo dawa iliyotumiwa na mamilioni ya watu ilijengwa juu ya kitu ambacho bado hakijashikwa na mkono wa mtu.

Kitu chenyewe kilipatikana hatua kwa hatua. Mwaka 1986 kundi la Robert Lefkowitz, wa Chuo Kikuu cha Duke, likishirikiana na watafiti wa kampuni ya dawa, lilifaulu kuisoma jeni ya kipokezi kimoja cha beta. Kutoka nafasi tupu ya Langley hadi mfuatano wa herufi za jeni ilipita miaka 81. Lefkowitz na mwanafunzi wake wa zamani, Brian Kobilka, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mnamo 2012.

4. Mjumbe wa pili

Swali lililobaki lilihusu kile kinachosafiri. Mnamo 1921 Otto Loewi, katika mji wa Graz nchini Austria, alichukua mioyo miwili ya chura. Aliuchochea wa kwanza kwa neva inayopunguza mapigo, kisha akayahamishia maji yaliyouzunguka kwenye moyo wa pili. Moyo wa pili, usioguswa na neva yoyote, ukapunguza mapigo. Hivyo neva ilisema kwa kemikali. Loewi alikiita kitu hicho kwa jina la neva iliyokitoa, bila kukijua. Baadaye kilitambuliwa kuwa asetilikolini, na yeye na Dale wakapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1936.

Hata hivyo adrenalini haiingii ndani ya seli ya moyo. Inabisha mlangoni tu. Earl Sutherland, Mmarekani, alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba adrenalini ikibisha, ndani ya seli huundwa molekuli nyingine ndogo, AMP ya mzunguko, ambayo ndiyo inayopeleka habari ndani. Adrenalini ni mjumbe wa kwanza. AMP ya mzunguko ni mjumbe wa pili. Katika moyo, mjumbe huyu huamsha kimeng'enya kinachofungua njia za kalsiamu, na kalsiamu ikiongezeka msuli hujikunja kwa nguvu na kwa haraka. Sutherland alitunukiwa mwaka 1971.

Waswahili wana msemo kwamba mjumbe hauawi. Katika seli sheria ni kinyume chake. Mjumbe akishafikisha habari huvunjwavunjwa na vimeng'enya vilivyowekwa kwa kazi hiyo, mara nyingi katika muda wa sekunde chache. Asipovunjwa, ishara haikomi, na moyo hauwezi kutofautisha habari ya leo na ya jana. Tofauti hii kati ya mjumbe wa baraza na mjumbe wa seli si ya mzaha. Sehemu ya saba itaonyesha kwamba watu walikufa kwa sababu ya kutoipima.

5. Miaka saba ya jina bila kitu (1978–1987)

Robert Furchgott alifundisha famakolojia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Brooklyn. Tangu miaka ya 1950 alipima nguvu ya dawa kwa vipande vya aota ya sungura vilivyoning'inizwa katika maji ya chumvi. Tatizo moja lilijulikana na wote: asetilikolini ikitiwa katika mwili wa mnyama aliye hai hulegeza mishipa na kushusha shinikizo la damu, lakini vipande vya Furchgott viliitikia kwa kujikaza. Mwezi wa Mei 1978 fundi wa maabara alibadilisha utaratibu wa jaribio pasipo kukusudia, na vipande vikalegea. Furchgott hakulifuta jaribio hilo. Alitafuta tofauti, akaiona katika jambo dogo mno: namna kipande kilivyoandaliwa. Kila kipande kilichosuguliwa upande wa ndani kilikuwa kimepoteza endotelia, yaani utando wa ndani wa mshipa wenye unene wa seli moja tu. Penye utando mshipa ulilegea; pasipo utando ulijikaza.

Kisha alikibandika kipande chenye utando juu ya kipande kisicho nao, na hiki cha pili kikalegea pia. Basi utando ulitoa kitu kinachovuka. Makala yake na John Zawadzki yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1980, na baadaye kitu hicho kikapewa jina refu: kilegezi kitokanacho na endotelia. Jina hilo lilieleza mahali pa asili na kazi. Halikusema ni kitu gani. Lilikuwa ungamo la kutojua lililoandikwa kwa usahihi, na kwa sababu hiyo maabara za nchi nyingi ziliweza kukitafuta kitu kimoja pasipo kugombana juu ya asili yake.

Jibu lilikuwa limelala mahali pengine. Mnamo 1977 Ferid Murad, wa Chuo Kikuu cha Virginia, alikuwa ameonyesha kwamba nitrogliserini na dawa za jamaa yake hufanya kazi kwa kutoa oksidi nitriki, nayo gesi hiyo huamsha kimeng'enya kinachounda mjumbe mwingine wa pili, GMP ya mzunguko, anayelegeza msuli wa mshipa. Hakuna aliyedhani kwamba mwili wenyewe huunda gesi hiyo. Ilijulikana kuwa uchafu wa moshi wa magari. Ina atomu mbili tu, na katika mwili haidumu ila sekunde chache. Katika mkutano wa mwaka 1986 huko Rochester, Minnesota, Furchgott na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba kilegezi ndicho oksidi nitriki. Mwaka 1987 kundi la Salvador Moncada, mzaliwa wa Honduras aliyefanya kazi Uingereza, na kundi la Ignarro huko Los Angeles, walitoa uthibitisho. Baada ya miaka saba nafasi ilijazwa, na jina refu likaacha kutumika.

Tarehe 10 Desemba 1998 Furchgott, Ignarro na Murad walipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba. Moncada hakuwamo, na wengi walinung'unika. Aliyeianzisha tuzo hiyo kwa wasia wake alikuwa amekufa siku kama hiyo miaka 102 kabla, akiwa ameagizwa kunywa dawa ambayo siri yake ndiyo iliyotuzwa.

6. Ishara hadi jeni: majina ya mahali

Kuanzia hapo utafiti uligeukia jeni. Mwaka 1990 David Bredt na Solomon Snyder, wa Baltimore, walikitenga kutoka ubongoni kimeng'enya kinachounda oksidi nitriki kutokana na asidi-amino iitwayo arijinini; mwaka uliofuata jeni yake ilisomwa. Kufikia 1992 jeni nyingine mbili zilikuwa zimesomwa, moja kutoka katika seli za kinga na nyingine kutoka katika endotelia. Kwa binadamu jeni hizo tatu zimo katika kromosomu ya 12, ya 17 na ya 7. Vimeng'enya vyake vilipewa majina ya kawaida: cha neva, cha kuchochewa, cha endotelia. Viliitwa hivyo kwa sababu ya mahali vilipoonekana kwanza, au hali vilimoonekana.

Majina hayo yalizeeka upesi. Mwaka 1993 Jean-Luc Balligand, Mbelgiji aliyekuwa akifanya utafiti mjini Boston, alionyesha pamoja na wenzake kwamba seli za msuli wa moyo zenyewe huunda oksidi nitriki, na kwamba gesi hiyo hupunguza mwitiko wa seli kwa dawa zinazoiga adrenalini. Yaani moyo hubeba breki yake mwenyewe. Kimeng'enya kilichohusika kilikuwa kile kilichoitwa cha endotelia, lakini hapa hapakuwa endotelia. Mwaka 1999 kile kilichoitwa cha neva kilikutwa pia ndani ya seli ya moyo, kwenye ghala la kalsiamu.

Hapo ndipo swali la udhibiti wa jeni lilipopata uzito. Jeni haitendi kwa kuwapo tu. Hutenda inaponukuliwa, na unukuzi huongezwa au hupunguzwa na ishara zilezile zinazofika mlangoni mwa seli. Mwaka 1996 kundi la Boston lilitangaza kwamba AMP ya mzunguko ikizidi kwa muda katika seli za moyo wa panya, jeni ya kimeng'enya cha kromosomu ya 7 hunukuliwa kidogo zaidi. Maana yake ni kwamba kelele ya muda mrefu ya adrenalini, pamoja na kuuharakisha moyo, hudhoofisha breki yake. Kinyume chake, mwaka 1994 watafiti wengine walionyesha kwamba mazoezi ya kukimbia huongeza unukuzi wa jeni hiyo katika mishipa ya mbwa, kwa kuwa damu iendayo kasi huusugua utando na msuguo huo wenyewe ni ishara. Jeni ya kromosomu ya 17 ina tabia nyingine: hulala, kisha huamshwa na kemikali za uvimbe wakati wa maambukizo makali, na hapo gesi humiminika kwa wingi hadi shinikizo la damu huanguka na moyo hudhoofika.

Jaribio lililomaliza ubishi kuhusu majina lilichapishwa mwaka 2002 na kundi la Baltimore. Walitumia panya waliokosa jeni moja au nyingine. Kimeng'enya kilicho katika vishimo vya utando wa seli, karibu na vipokezi vya beta, hupunguza nguvu ya adrenalini. Kimeng'enya kilicho kwenye ghala la kalsiamu huisaidia nguvu hiyo. Molekuli inayotolewa na vyote viwili ni ileile, yenye atomu mbili zilezile, lakini athari ni kinyume kwa sababu mahali pa kutolewa ni tofauti. Mwanaisimu hatashangaa. Katika sentensi za Kiswahili "mtoto amemwona mama" na "mama amemwona mtoto" maneno ni yaleyale. Ni nafasi inayoamua nani ametenda. Wala hakuna kamusi, hata iwe kamili namna gani, inayoweza kuonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa haimo katika neno.

7. Mjumbe asiyeuawa (1975–2001)

Sasa inawezekana kueleza gharama. Moyo ukishindwa kazi, mwili huumwagia adrenalini na noradrenalini ili usukume damu. Madaktari wa kizazi kizima waliifasiri hali hiyo kwa mfano wa mjumbe na mtumishi: mtumishi amechoka, hasikii, basi apigiwe kelele zaidi. Mwaka 1982 Michael Bristow na wenzake, nchini Marekani, walihesabu vipokezi vya beta katika mioyo iliyoshindwa, wakakuta vimepungua kwa takriban nusu. Mtu mwenye mfano ule kichwani aliona hapo uthibitisho wa uziwi, na dawa ya kiziwi ni sauti kubwa.

Miongoni mwa dawa zilizotengenezwa ni milrinoni. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachomvunja mjumbe wa pili. Kwa lugha ya msemo wetu, milrinoni humhifadhi mjumbe asiuawe. Moyo uliopewa dawa hiyo ulijikunja vizuri zaidi, na wengi walitumaini. Mwaka 1991 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,088 waliokuwa na moyo dhaifu sana: miongoni mwa waliomeza milrinoni vifo vilizidi kwa asilimia 28 kuliko miongoni mwa waliomeza kidonge kitupu. Uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati wake.

Wakati huohuo dawa iliyofaa ilikuwa mezani. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake, mjini Göteborg nchini Uswidi, walikuwa wametoa taarifa ya wagonjwa saba wa moyo ulioshindwa waliopewa vizuizi vya beta na kupata nafuu. Ilionekana kama wendawazimu. Vitabu vilikataza dawa hizo kwa wagonjwa hao, maana dawa "inayozuia" haiwezi kupewa moyo ambao tayari umezuiwa. Ilibidi kusubiri hadi 1999, wakati tafiti mbili kubwa za Ulaya na Marekani, moja ya wagonjwa 2,647 na nyingine ya wagonjwa 3,991, zilipoonyesha kila moja kwamba vizuizi vya beta hupunguza vifo kwa asilimia 34. Kati ya Waagstein na uthibitisho huo ilipita miaka 24.

Maelezo yaliyokubalika baadaye yanageuza mfano wa zamani. Kupungua kwa vipokezi hakukuwa uziwi tu. Ishara ikidumu, kipokezi hutiwa alama ya kemikali katika muda wa dakika chache na kuacha kuitikia. Kisha huvutwa ndani ya seli. Na ikiendelea zaidi, RNA mjumbe yake hupungua. Mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba ishara ya adrenalini huifanya RNA hiyo ivunjike upesi zaidi, na mwaka 1993 watafiti wa Ujerumani waliukuta upungufu huo katika mioyo iliyoshindwa ya binadamu. Moyo ulikuwa ukijikinga. Aliyeupigia kelele alikuwa akiivunja kinga hiyo.

Kuna ushahidi mwingine wa upande huohuo. Kipokezi cha tatu cha beta kilisomwa mwaka 1989 na kundi la Paris, nacho kilidhaniwa kuwa hasa ni cha mafuta ya mwili. Mwaka 1996 watafiti wa Nantes walikikuta katika moyo wa binadamu kikipunguza nguvu ya mkunjo, na mwaka 1998, wakiwa pamoja na Balligand, wakaonyesha kwamba hufanya hivyo kwa njia ya oksidi nitriki. Mwaka 2001 ilionekana kwamba katika moyo ulioshindwa, wakati vipokezi vya beta ya kwanza hupungua, hivi vya tatu huongezeka. Adrenalini ni ileile. Moyo umebadilisha masikio yanayoisikia.

8. Hitimisho: suala la ngeli

Historia hii inawahusu wanaounda istilahi za Kiswahili, na si kwa sababu ya mfano tu. Kazi ya istilahi za sayansi imekwisha kufanywa kwa bidii. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Lakini ni vema kuyatazama kwa makini maneno mawili yaliyotumiwa katika makala haya yote.

Mjumbe ni wa ngeli ya kwanza, ngeli ya watu. Molekuli ikiitwa mjumbe, sarufi yenyewe huipa viambishi vya mtu: ametumwa, huyu, aliyefika, anayepeleka. Kipokezi ni cha ngeli ya saba, ngeli ya vyombo: hiki, kilichopo, kinachosubiri. Msemaji wa Kiswahili, pasipo kukusudia, husikia kwamba mjumbe ana nia na kipokezi ni chombo kama kisu au kikapu. Huo ndio hasa mfano uliowapotosha madaktari kabla ya 1999, hata katika lugha zisizo na ngeli: anayesema ndiye mwenye uwezo, anayesikia hana la kufanya. Kumbe katika moyo ni kipokezi kinachojiondoa, kinachojificha, kinachopungua na kuachia nafasi aina nyingine. Na mjumbe ndiye hafifu, wa sekunde chache, asiye na habari ila mahali alipotolewa.

Haifuati kwamba istilahi hizo zitupwe. Zimeenea, zinaeleweka, na hakuna jina lisilo na kivuli chake. Linalofuata ni wajibu wa aina mbili. Anayebuni istilahi afanye kama Ahlquist: pale ambapo kitu hakijajulikana vya kutosha, ateue jina lisilodai mengi, na aepuke kukipa kitu jina la mahali kilipoonekana kwanza, kwa kuwa kesho kitaonekana kwingine, kama ilivyotokea kwa kimeng'enya kilichoitwa cha neva. Naye anayefundisha, iwe kitivo cha tiba au cha fasihi, asimpe mwanafunzi neno peke yake. Ampe na historia yake: mwaka lilipozuliwa, kilichojulikana siku hiyo, na kilichogunduliwa baadaye ambacho neno halikukitazamia. Wagonjwa wa uchunguzi wa 1991 walitibiwa na madaktari stadi wenye nia njema, waliolijua neno mjumbe kwa ufasaha wote. Hawakuwa wamefundishwa kuuliza ni nani anayemsikia, wala amemsikia kwa muda gani.